Bei ya Kupatana

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Watu waliogombana wakielewana, tunasema wamepatana. Mnunuzi na mwenye ng'ombe wakikubaliana bei pale sokoni Sotik, hao nao wamepatana. Sidhani kwamba ni bahati tu. Mapatano ya nyumbani nayo yana bei, na swali langu leo ni hili: nani huilipa?

Nauliza nikiwa katika nchi ya chai, huku Kericho na Bomet zinapopakana. Mimi si wakili wala mchungaji. Nilikuwa mwalimu, na kwa kuwa mwandiko wangu husomeka, huitwa kuandika kumbukumbu ukoo unapoketi kusikiliza ugomvi wa mume na mke. Vikao hivyo huongezeka baada ya Oktoba. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi huja kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida karibu na mwezi huo. Fedha huingia kwenye akaunti ya mwenye namba, na katika nyumba nyingi namba ni ya mume. Mke ndiye aliyeamka alfajiri, akajifunga plastiki kiunoni, akachuna majani mawili na chipukizi, akabeba kikapu hadi kituo cha kupimia. Risiti ikitoka, ina namba ya bwana. Bonasi ikiingia, mwenye namba anaweza kupotelea Litein siku tatu, akarudi na nauli iliyobaki na maelezo marefu.

Ugomvi wa namna hiyo hauanzi mahakamani. Huanza kwa ndugu wa mume, ukapanda kwa wazee wa kokwet, yaani ule ujirani wa maboma yanayotazamana kwenye mteremko mmoja. Pengine utapitia kwa mchungaji, pengine kwa chifu. Wakili ni mtu wa mwisho, na wengi hawamfikii kabisa.

Utaratibu huu una mizizi. Kwa Wakipsigis ndoa haikuwa jambo la watu wawili. Koito, yale mazungumzo ya posa na mahari, yaliwaketisha wazee wa pande mbili, na arusi ilipofungwa, bwana na bibi walivishana nyasi za segutiet mkononi. J. G. Peristiany, aliyechapisha kitabu juu ya jamii hii mwaka 1939, alikuta kwamba ndoa iliyokamilishiwa taratibu zake ilikuwa ngumu mno kuvunjika. Kwa hiyo wazee walipoketi, hawakuwa na sababu ya kuuliza kama nyumba itasimama. Waliuliza itasimamaje. Mke aliyekimbilia kwao angerudi, mume angekaripiwa, maziwa yangenywewa.

Siwadharau wazee hao. Nimewaona wakifanya jambo ambalo hakimu hawezi: kumnyamazisha mwanamume mlevi kwa kumtajia tu jina la marehemu baba yake. Nimeona mzee akimuuliza kijana, "Wewe uliposomeshwa, chai hii ilichunwa na nani?" na kijana akainamisha kichwa. Wazee wanajua historia ya kila shina shambani. Hawahitaji kiapo.

Lakini nitaeleza kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kuwatambulisha wahusika. Mama wa watoto wanne alirudi kwao baada ya bonasi kuliwa mwaka wa tatu mfululizo. Kikao kiliitwa. Shemeji zake walikuwa sita, upande wake ulikuwa na watu wawili, naye akapewa nafasi ya kuzungumza mara moja. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sitaki kuachika. Nataka namba yangu." Kikao kikazungumza saa tatu juu ya heshima, pombe, malezi na mfano mbaya kwa watoto. Mwishowe mume aliomba msamaha mbele ya wakwe, mke akaambiwa asiwe mwepesi wa kukimbia, maombi yakafanywa, chai ikanywewa. Mimi niliandika, "Wamepatana." Kuhusu namba sikuwa na la kuandika, kwa sababu hakuna aliyeirudia.

Tuangalie bei hapo. Mume alilipa aibu ya alasiri moja. Mke alilipa dai lake lote. Ukiwatazama kwa mbali utadhani kila mmoja amelegeza kidogo, kwa sababu wote wawili walisema ndiyo. Lakini ndiyo ya mtu mwenye akaunti, shamba na ndugu sita haiwezi kuwa na uzito sawa na ndiyo ya mtu mwenye begi la nguo. Wa kwanza akikataa, anarudi kulala kwake. Wa pili akikataa, hana pa kwenda ila kwa kaka ambaye mkewe ameanza kununa. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na kikao kinachoketi katika boma la mume kina ngoma yake tayari.

Sheria ya nchi inajua hatari hii. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inawataka majaji na mahakimu waendeleze upatanishi na njia za jadi za kutatua migogoro, na papo hapo inaweka mipaka: njia hizo zisivunje haki za msingi wala zisipingane na Katiba. Kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjika. Sheria ya Ndoa ya 2014 inawaruhusu waliooana kimila kupitia usuluhishi wa kimila kabla ya mahakama kuamua ombi la talaka, mradi utaratibu huo ufuate misingi ya Katiba, na aliyewasuluhisha aiandikie mahakama ripoti. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilianza pale Milimani, Nairobi, upatanishi unaoambatana na kesi, ikianzia na idara za familia na biashara. Kesi ikishafunguliwa, inaweza kupelekwa kwa mpatanishi aliyeidhinishwa. Kanuni za mwanzo zilimpa siku 60 kuimaliza, na kinachosemwa humo ni siri. Wakikubaliana, makubaliano husajiliwa na kupata nguvu ya hukumu, wala hayakatiwi rufaa.

Hayakatiwi rufaa. Maneno hayo mawili ndiyo yanayonifanya niulize zaidi. Ikiwa mtu hawezi kurudi nyuma baada ya kutia sahihi, basi ni lazima tuwe na hakika kwamba alipotia sahihi alikuwa na uwezo wa kukataa.

Majirani zetu wa Tanzania waliliwekea swali hili jibu lao tangu zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema kwamba, isipokuwa katika hali chache maalumu, huwezi kupeleka ombi la talaka mahakamani kabla shauri halijapita kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo likatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wanaopenda utaratibu huu husema unaokoa nyumba zinazovunjika kwa hasira ya wiki moja. Wasioupenda husema unamrudisha mwanamke aliyechoka mbele ya meza ileile iliyomchosha. Mimi naona faida moja isiyosemwa sana: hati ile. Baraza linatakiwa kukiri kwa maandishi kwamba limeshindwa. Wazee wetu wa kokwet hawana desturi hiyo. Kikao kikishindwa, huahirishwa, na mwanamke anaweza kuahirishwa miaka kumi.

Mbali zaidi na kwetu, Norway huwataka wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 16 wahudhurie upatanishi kabla ya kutengana. Uingereza, tangu 2014, humtaka anayepeleka mgogoro wa watoto au mali ya ndoa mahakamani ahudhurie kwanza kikao cha kuelezwa upatanishi ni nini, ila hali kadhaa zimesamehewa, na mojawapo ni ukatili wa nyumbani. Mkataba wa Baraza la Ulaya uliofunguliwa Istanbul mwaka 2011 unazitaka nchi zilizoujiunga zikataze upatanishi wa lazima katika kesi za ukatili. Kumbe hata huko kwenye mahakama tajiri waligundua kitu ambacho mama wa Konoin angeweza kuwaambia bure: kumlazimisha mtu aje kusikiliza ni jambo moja, na kumlazimisha akubali ni jambo jingine. Na kipigo si tofauti ya maoni. Hakuna nusu ya njia kati ya anayepiga na anayepigwa. Ukimwambia mmoja apunguze kupiga na mwingine apunguze kuudhi, umeshahukumu, na umehukumu vibaya.

Hapa rafiki zangu wa mjini hunikatiza. Husema, "Mwalimu, basi si waende kortini tu? Sheria ipo." Ni kweli ipo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kwamba kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani ni mchango katika mali. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba usawa wa kifungu cha 45 hauna maana ya kugawa nusu kwa nusu moja kwa moja, na kila upande lazima uthibitishe mchango wake. Sasa mwanamke wetu atathibitisha kwa nini? Risiti za miaka 20 zina namba ya mumewe. Mkopo wa sako uliolipia mabati una jina la mumewe. Yeye ana mikono iliyopasuka, na hiyo haiwekwi kwenye faili.

Kisha kuna hati ya shamba. Nenda mteremko wowote kati ya Kapkatet na Mogogosiek uulize hati ni ya nani, na mara nyingi utatajiwa mzee aliyekwisha zikwa. Vijana wamejenga, wamepanda, wamezaa, lakini kwenye karatasi ardhi bado ni ya babu. Sheria hiyohiyo ya 2013 inasema mali inayoshikiliwa kwa amana, pamoja na ile ya amana ya kimila, haiingii katika mali ya ndoa. Mke anaweza kushinda kila hoja mahakamani na kuondoka na nusu ya kitu ambacho mumewe hana. Hapo anayeweza kusema, "Mashina yale 800 ya upande wa mto aliyapanda huyu mama, mimi niliona," ni mzee wa kokwet.

Tanzania walipitia mlango huu mapema. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri hilo bado hutajwa. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe hakuzitumia vizuri. Alishinda hoja, akakosa mali. Sisemi mahakama haina kazi. Nasema ushindi wa kortini na maisha ya kesho ni mambo mawili.

Na kuna sababu nyingine, ambayo ni ya chai yenyewe. Mahindi ungeweza kuyagawa. Mnavuna, mnahesabu magunia, kila mtu anabeba lake, mnaagana. Chai haivunwi hivyo. Shina lililopandwa na babu linachunwa na mjukuu, na huchunwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne. Usipochuna kwa wakati majani hukomaa, na kiwanda hakiyataki. Hukumu ikisema huyu apate asilimia 40, bado haijasema nani atachuna Jumatatu, mbolea itakatwa kwenye hesabu ya nani, wala mtoto wa kidato cha pili atalipiwa karo kutoka mstari gani. Waliotalikiana watakutana kwenye kituo kilekile cha kupimia, wakisubiri lori lilelile. Talaka ya nchi ya chai haiwatenganishi watu. Inawabadilishia tu namna ya kuwa majirani. Kwa hiyo hata atakayeshinda kortini atarudi kuhitaji mapatano, apende asipende.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka tuwaache wazee, wala na wanaotaka tuwaachie wazee kila kitu. Upatanishi ni mzuri. Ila tumeuelewa vibaya tunapodhani kwamba kazi ya mpatanishi ni kusimama katikati. Katikati ya nini? Ukisimama katikati ya mtu aliye kileleni na mtu aliye bondeni, bado umesimama juu ya kichwa cha mmoja wao. Kutopendelea mtu hakuna maana ya kujifanya hujui nani ana namba. Mpatanishi mwadilifu huanza kwa kuuliza mambo ya aibu: fedha zinaingia wapi, nani anajua nambari ya siri, ukitoka hapa leo bila makubaliano utalala wapi? Majibu yakishawekwa mezani, ndipo maneno ya heshima na msamaha yanapopata pa kukaa.

Na udhaifu hauna jinsia moja, tuwe wakweli. Nimeandika kumbukumbu za bwana aliyebaki na watoto miaka sita mkewe akifanya kazi Saudi Arabia. Mke alikuwa akituma fedha, akazisimamisha, kisha akarudi akitaka nyumba iliyojengwa kwa fedha zake juu ya ardhi ya baba mkwe. Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili waliogopa. Mke alikuwa na pesa bila ardhi, mume alikuwa na ardhi ya baba bila pesa, na watoto walimwita shangazi "mama". Hapo hakuna sheria ingeweza kunionyesha nani mnyonge. Ilibidi kuuliza jambo moja baada ya jingine, na kila swali likampata mnyonge mwingine.

Kwa hiyo nina vipimo vitatu, navyo ninavitoa kwa yeyote anayeitwa kuketi katikati ya watu. Cha kwanza: yule mwenye kidogo anaweza kusema hapana na kesho akaamka salama? Kama hawezi, kikao kisitishwe hadi apate mahali, iwe kwa ndugu, kwa kanisa au kwa amri ya mahakama. Mlango wa korti usipokuwa wazi nyuma yake, kinachofanyika mbele yake si mapatano. Cha pili: je, mali imetajwa kwa majina? Namba, mashina, ng'ombe, mkopo wa sako, bonasi ya mwaka huu. Makubaliano yanayosema "waishi vizuri" hayajasema kitu. Cha tatu: lini tutaketi tena? Chai hurudiwa kila wiki mbili, na mapatano yanayoitegemea hayafai kuachwa miaka 30 bila kupogolewa. Waliopatana waandike ndani ya karatasi yao kwamba bonasi ikitoka, wataketi.

Nimeona vipimo hivi vikifanya kazi mara moja, bila mtu kuvitaja. Wazee walikwenda wenyewe shambani na wanandoa, wakahesabu mistari, wakaweka alama kwa vijiti, na mke akasajiliwa namba yake kwa mashina aliyopanda. Talaka haikutajwa. Baba mkwe, mzee mkali asiyependa mambo ya kisasa, ndiye aliyesema neno lililomaliza ubishi: "Mkimpa namba, atakuwa na sababu ya kubaki. Msipompa, ana sababu ya kuvumilia tu." Kijana wake alinung'unika kwamba watu watamcheka. Walimcheka mwezi mmoja hivi, kisha wawili kati ya waliomcheka wakaja kuniuliza fomu zilichukuliwa wapi.

Sijui kama ndoa ile ina furaha. Hilo halikuwa swali la kikao, wala si la hakimu. Ninachojua ni kwamba yule mama sasa akisema ndiyo, kuna kitu ambacho angeweza kukikataa. Mwaka huu walibishana tena juu ya mbolea, na safari hii kila mmoja alikuja na risiti zake.